Albamu Haiishii Studioni

Kuna kauli mbili ninazozisikia kila mara wanafunzi wenzangu wanapobishana kuhusu muziki wa roki, na zote mbili nazikataa. Ya kwanza husema kwamba albamu ndiyo kazi yenyewe, na tamasha ni makelele ya kuuzia tiketi. Ya pili husema kwamba hujaijua bendi mpaka uione jukwaani kwa macho yako, na asiyefika uwanjani anyamaze. Wenye kauli ya kwanza wanaifungia sanaa kabatini, na wenye kauli ya pili wanaifungia getini. Mimi nashikilia kwamba albamu haiishii studioni. Ikipigwa mbele ya watu hupata maana nyingine, na maana hiyo hurudi ndani ya albamu ileile na kuibadilisha masikioni mwa anayeisikiliza. Tena, ili badiliko hilo litokee si lazima msikilizaji awe na pasipoti wala nauli ya ndege.

Msomaji anaweza kuuliza: habari za magitaa ya Wazungu zinawahusu nini wanafunzi wa Kiswahili? Zinatuhusu sana. Mwaka wa kwanza sote tulifundishwa kwamba ngano iliyochapwa kitabuni si ngano nzima. Tuliambiwa kuna fanani, kuna hadhira, kuna utendaji, na kwamba anayesema "paukwa" bila ya kuwapo wa kujibu "pakawa" hajaanza hadithi. Tuliyaandika hayo kwenye mtihani, tukapata alama. Lakini nilipopendekeza kuandika karatasi ya kozi inayolinganisha albamu za bendi moja na matamasha yake, pendekezo lilirudishwa na maelezo mafupi: matini ni albamu, tamasha ni nyongeza. Namheshimu mwalimu aliyeandika maneno hayo na simtaji jina, kwa kuwa shida si yake peke yake. Ni tabia ya idara nyingi: utendaji tunausifu tukizungumzia bibi na ngano zake, kisha tunausahau mara tu umeme unapoingia kwenye ala.

Nichukue bendi moja ili nisizungumze hewani. Ni Queen ya Uingereza. Nimeichagua kwa sababu naijua albamu kwa albamu, na kwa sababu mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, katika familia ya Kiparsi iliyohamia Uingereza mwaka 1964. Kuzaliwa Zanzibar hakumfanyi kuwa msanii wa Kiswahili, na sitaki tumnyakue. Kunatuondolea tu kisingizio cha kusema kwamba roki ni mambo ya watu wa mbali yasiyotuhusu.

Mwaka 1975 Queen walitoa albamu ya A Night at the Opera. Ndani yake kuna Bohemian Rhapsody, na katikati ya wimbo huo kuna sehemu ya mtindo wa opera iliyojengwa studioni kwa kurekodi sauti za watu watatu tena na tena, moja juu ya nyingine, hadi zikasikika kama kwaya nzima. Watu wanne hawawezi kuiimba sehemu hiyo jukwaani, na Queen hawakujifanya wanaweza. Walipofika hapo walitoka, taa zikabaki zikicheza, kanda ya studio ikapigwa, kisha wakarudi kwa kishindo pale gitaa zito linapoingia.

Mtetezi wa kabati atasema: unaona? Jukwaa limeshindwa! Mimi nasema jukwaa limetueleza jambo ambalo albamu ilikuwa imelificha. Pale katikati hakuna bendi. Kuna kanda, mikasi na uvumilivu. Nikiisikiliza albamu leo naisikia mishono yake. Nawasikia watu wanaondoka, na nawasikia wanaporudi. Wimbo haujapungua thamani hata kidogo. Umenisisimua zaidi, kwa sababu sasa najua ni sekunde gani binadamu wanne wanaushika tena mikononi mwao. Hayo hayamo kwenye karatasi ya muziki wala kwenye jalada la santuri. Yamo kwenye tamasha.

Katika albamu hiyohiyo kuna Love of My Life. Studioni ni wimbo wa piano na kinubi, umepambwa kwa sauti zilizopandana kwa ustadi, nao ni malalamiko ya mtu mmoja aliyeachwa. Walipoupeleka jukwaani, Brian May aliuvua mapambo yote, ukabaki gitaa moja la nyuzi kumi na mbili na sauti ya Mercury. Kisha likatokea jambo ambalo hakuna fundi wa studio aliyelipanga: watu wakaanza kuuimba wote. Katika tamasha la Rock in Rio nchini Brazili, Januari 1985, umati ambao lugha yake ni Kireno uliubeba wimbo huo wa Kiingereza, na Mercury akawaachia mistari mizima waiimbe wao. Rudi sasa kwenye albamu ya 1975 uusikilize ule upweke. Maneno ni yaleyale na piano ni ileile, lakini unajua kwamba malalamiko ya mtu mmoja yalikuwa na nafasi ya kukaliwa na maelfu. Unaanza kujiuliza nafasi hiyo ilikuwa wapi wakati wote ule. Unaitafuta kwenye mapumziko ya pumzi, kwenye mwendo wa taratibu, kwenye kiitikio kisicho na haraka. Unaipata. Huo ndio uhakiki, nao umeletwa na umati.

Mfano wa tatu unajulikana zaidi. Tarehe 13 Julai 1985, katika uwanja wa Wembley, London, Queen walipewa dakika zipatazo ishirini kwenye tamasha la hisani la Live Aid, mchana, mbele ya watu wapatao 72,000 waliokuja kwa ajili ya bendi nyingi, si kwa ajili yao tu. Walipiga, miongoni mwa nyingine, Radio Ga Ga kutoka albamu ya The Works ya 1984. Studioni wimbo huo ni wa vinanda vya umeme na mdundo wa mashine, unaoikumbuka redio iliyosahauliwa. Ni kweli kwamba video yake ilikwisha kuonyesha watu wakipiga makofi mawili mawili juu ya vichwa vyao. Lakini watu wa video huelekezwa na mwongozaji. Wembley hapakuwa na mwongozaji wa umati. Mikono iliinuka mpaka nyuma kabisa ya uwanja. Baada ya siku hiyo, albamu za zamani za Queen zilipanda tena kwenye chati za Uingereza. Nyimbo zilizokuwa ndani ya albamu hizo hazikuwa zimebadilishwa hata noti moja. Waliobadilika ni wasikilizaji.

Sasa niipe kauli ya kwanza hoja yake yenye nguvu zaidi, maana kumshinda mpinzani dhaifu si ushindi. Watetezi wa studio hutaja Beatles, na wana haki ya kuwataja. Tarehe 15 Agosti 1965 Beatles walipiga katika uwanja wa Shea, New York, mbele ya watu wapatao 55,000, na kelele za mashabiki zilikuwa kubwa kiasi kwamba wanamuziki wenyewe hawakuweza kusikilizana. Mwaka uliofuata walitoa albamu ya Revolver, wakafanya ziara ya Marekani bila ya kupiga hata wimbo mmoja wa albamu hiyo, na tarehe 29 Agosti 1966 huko San Francisco wakamaliza ziara zao kabisa. Waliingia studioni, na mwaka 1967 ikatoka Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band. Je, si ushahidi kwamba jukwaa lilikuwa kikwazo na studio ndiyo uhuru?

Ni ushahidi kwamba vipaza sauti vya 1965 vilikuwa vibovu. Ni ushahidi pia kwamba umati usiosikiliza si hadhira, na hilo fasihi simulizi inalijua tangu zamani: hadhira ni mshiriki, na asiyesikiliza hashiriki. Lakini tazama walichokifanya Beatles walipokuwa huru na jukwaa. Albamu waliyoitengeneza inajifanya kuwa onyesho la bendi ya kubuni, na mwanzoni mwake kunasikika hadhira. Walilikimbia jukwaa, kisha wakalijenga upya studioni kwa sababu kazi yao ililihitaji. Tena tarehe 30 Januari 1969 walipanda juu ya paa la jengo lao London, kwenye baridi, wakapiga mbele ya watu waliokuwa wakipita barabarani. Anayedai kwamba Beatles walithibitisha ukamilifu wa studio ataniambia walikwenda kutafuta nini kule juu.

Mfano wa pili wanaoupenda ni The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, iliyotoka Machi 1973 na ambayo mara nyingi huelezwa kama kilele cha kazi ya studio. Wanaosema hivyo husahau kwamba Pink Floyd waliipiga kazi hiyo jukwaani tangu Januari 1972, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuitoa. Kulikuwa na sehemu ya magitaa na vinanda ambayo baadaye iliondolewa na mahali pake pakawekwa sauti za sinthesaiza. Sehemu inayojulikana leo kwa sauti ya mwanamke anayeimba bila maneno, mwanzoni ilikuwa ogani pamoja na usomaji wa Biblia. Kazi iliiva mbele ya watu, ikakatwa na kuongezwa, ndipo ikarekodiwa. Kwa hiyo hata albamu wanayoiinua juu ya jukwaa ni mtoto wa jukwaa.

Na kuna nyakati ambapo studio iliukosa wimbo, na umati ndio uliouokota. Bendi ya Cheap Trick ya Marekani ilitoa wimbo wa I Want You to Want Me katika albamu ya In Color mwaka 1977, na Marekani haikushughulika nao. Mwaka 1978 walikwenda Japani, wakaupiga katika ukumbi wa Budokan, Tokyo, wasichana wa Kijapani wakiuitikia kwa sauti kuu. Rekodi ya tamasha hilo ilipofika Marekani, wimbo ulioachwa ukapanda mwaka 1979 hadi nafasi ya saba. Wimbo ulikuwa mmoja. Kilichokosekana studioni ni mwitikio, na mwitikio huo si pambo: ni nusu ya utungo.

Queen walilielewa hilo mapema. Mwaka 1977, baada ya tamasha moja ambapo umati haukuacha kuwaimbia hata bendi ilipokwisha ondoka jukwaani, Brian May alianza kufikiria wimbo ambao watu waliosongamana, wasio na nafasi ya kufanya kitu kingine, wangeweza kuupiga kwa miguu na viganja tu. Ndivyo ulivyozaliwa We Will Rock You. Studioni walikanyaga mbao na kupiga makofi ili kuuigiza umati. Anayeusikiliza wimbo huo kama sauti tu, bila ya kuijua hadhira iliyotangulia, ni sawa na anayesoma methali bila ya kujua inasemwa wakati gani. Ataelewa maneno, na maana itampita.

Lakini tusidanganyane. Jukwaa si baraka kila siku. Laweza pia kuishusha albamu, na hilo nalo ni sehemu ya hoja yangu. Mwaka jana nililipa shilingi 20,000 kuingia kwenye tamasha la msanii mmoja ambaye albamu yake tulikuwa tukiipiga hosteli nzima. Alipanda jukwaani na kipaza sauti kimoja, mtu wa mashine akaweka rekodi yenye sauti yake tayari, naye akarukaruka juu yake, akiitikia neno moja moja mwishoni mwa mistari. Hakukuwa na gitaa wala ngoma. Tulikuwa tumelipia kusikiliza albamu kwa sauti kubwa huku tumesimama. Tangu siku hiyo nikiisikiliza albamu ile nasikia kazi ya fundi wa kompyuta, na jina la fundi huyo halimo kwenye jalada. Tamasha lilibadilisha uthamini wangu kwa haki kabisa, kuelekea chini. Ndiyo maana nasema wasanii wanaokwepa kupiga laivu hawatukoseshi burudani tu, wanatunyima kipimo.

Sasa niwageukie wenzangu wa getini, wale wa "ulikuwepo?" Swali hilo limezimisha mijadala mingi kwenye vyumba vyetu. Mmoja ana shangazi London, aliwahi kupelekwa kwenye tamasha, na tangu hapo hakuna anayeweza kumpinga. Nawauliza: Freddie Mercury alipiga na Queen kwa mara ya mwisho tarehe 9 Agosti 1986, Knebworth, na akafariki tarehe 24 Novemba 1991. Mimi, na wewe pia, hatukuwa tumezaliwa. Je, kizazi chetu chote kinyamaze? Na ikiwa ndivyo, tufute pia nusu ya mitaala yetu. Hakuna mhadhiri yeyote aliyemsikia Muyaka bin Haji akitongoa mashairi yake Mombasa karne ya 19, lakini tunamsoma, tunamfundisha na tunamtahini. Tunachofanya ni kulijenga upya jukwaa lake: alikuwa akimjibu nani, mbele ya nani, katika ugomvi gani. Kazi hiyohiyo inawezekana kwa bendi.

Mimi Wembley nimeiona kwenye skrini ya simu yenye ufa, kwa bando la usiku, Kampala. Sikunyeshewa na jasho la mtu wala sikusikia besi kifuani, na sidai kwamba nilivisikia. Lakini niliona wapi mwimbaji anaacha kuimba. Niliona wapi mpiga ngoma anamtazama mwenzake. Niliona umati unaingia kabla ya kualikwa. Hayo yalitosha kunirudisha kwenye albamu na masikio mengine. Aliyehudhuria ana kumbukumbu, na kumbukumbu ni hazina yake. Ila kumbukumbu si hoja. Akitaka kubishana, aseme alisikia nini na kimebadilisha nini katika albamu, kama sisi wengine tunavyotakiwa kusema.

Tena kuwapo kwenyewe si jambo jepesi kama wanavyodhani. Tazama bendi ya WITCH ya Zambia, moja ya bendi kubwa za roki barani kwetu katika miaka ya 1970, iliyoongozwa na Emmanuel Chanda, maarufu kwa jina la Jagari. Bendi ilikufa, na albamu zake zikabaki kwa wachache. Miongo kadhaa baadaye zilitolewa upya nje ya Afrika, zikapata wasikilizaji wapya, na Jagari akarudi jukwaani akizunguka Ulaya na wanamuziki vijana wa huko. Mwaka 2023 ikatoka albamu mpya, Zango. Kijana aliyewaona Ulaya "alikuwepo", lakini wapi? Hakuwepo kwenye kumbi za migodini za Zambia ya 1975. Albamu ndiyo iliyolihifadhi jukwaa mpaka jukwaa likarudi, na jukwaa lililorudi limezifungua upya albamu hizo. Vinategemeana hivyo, na hakuna mwenye haki ya kusimama katikati akikusanya viingilio.

Iko pingamizi moja ya mwisho, nayo ni ya haki. Rekodi za matamasha nazo hudanganya. Albamu ya Alive! ya bendi ya Kiss, ya mwaka 1975, iliuzwa kama tamasha tupu, na baadaye mtayarishaji wake, Eddie Kramer, alikiri kwamba sehemu zake zilirekebishwa studioni. Basi tunaamini nini? Jibu langu ni lile tunalompa mtafiti wa fasihi simulizi anayerudi kijijini na kanda: tueleze umerekodi lini, wapi, mbele ya nani, na umekata nini. Rekodi yenye hila haituzuii kuhakiki, inatuongezea kazi ya kuhakiki. Mbona ngano zilizoandikwa na wamisionari na kusafishwa maneno tunaendelea kuzisoma, huku tukijua zimesafishwa?

Kwa hiyo nadai mambo matatu, na nayadai kwa wahadhiri na kwa wanafunzi pamoja. Kwanza, anayehakiki albamu ya bendi inayopiga jukwaani, iwe Queen au bendi ya mjini kwetu kama Afrigo, iliyoanza mwaka 1975 na bado inasimama mbele ya watu, aweke angalau rekodi moja ya tamasha kando ya albamu, na aseme kila moja inafanya nini kwa mwenzake. Pili, idara zikubali rekodi ya tamasha kuwa matini kamili, yenye tarehe, mahali na hadhira, si kiambatisho. Tukikataa, tutakuwa tunafundisha utendaji kama somo la historia, wakati utendaji unaendelea kila Jumamosi usiku umbali wa nauli ya boda kutoka maktabani. Tatu, swali la "ulikuwepo?" lipigwe marufuku kwenye semina. Mahali pake tuuliziane: "umesikia nini?"

Bendi nyingi za ukanda huu hazijarekodi hata robo ya wanachokipiga. Nyingine zimerekodi vibaya, haraka, kwa fedha za mkopo, na albamu zao haziwatendei haki. Tukiwapima kwa albamu peke yake tutawahukumu kwa umaskini wa studio zao. Tukisubiri mpaka kila mmoja wetu ahudhurie, wazee watakuwa wamekufa na vyombo vimeuzwa. Kila mwanafunzi ninayemjua ana simu yenye kinasa sauti. Wiki hii mahali fulani karibu yako kuna watu watapiga muziki mbele ya watu. Nenda, au mtume anayeweza kwenda. Rekodi, andika tarehe, kisha rudi kwenye albamu yao uisikilize tena tangu wimbo wa kwanza.